Msiwakaririshe Watoto Wasilisho

Kila muhula swali hili hunifikia, na anayelileta ni mzazi anayempenda mwanawe kwa dhati: "Mwalimu, nimsaidieje akariri vizuri asije akasahau mbele ya darasa?" Mzazi amekwisha kuamua kwamba ugonjwa ni kusahau na dawa ni kukariri zaidi. Nikimjibu kwamba mtoto anasahau kwa sababu amekariri, huondoka akidhani nimekataa kumsaidia. Basi nieleze kwa kirefu.

Anayemeza hotuba neno kwa neno hahifadhi hoja, anahifadhi mfuatano wa maneno. Neno la tano huvutwa na la nne, la sita na la tano. Likidondoka moja, njia ya kulifikia linalofuata imekatika, na msemaji hana budi kurudi nyuma aanze upya. Ndiyo maana mwanafunzi wa kidato cha pili akikwama katikati ya mada ya mmomonyoko wa udongo hurudia sentensi ileile mara mbili, mara tatu, kisha hunyamaza na kutazama sakafu. Mada anaijua. Muulize nje ya darasa kwa nini korongo la nyuma ya shule linazidi kupanuka, atakueleza: miti imekatwa, ng'ombe wanapita palepale kila siku, mvua ikinyesha hakuna cha kuzuia maji.

Jana yake chumbani alisema yote bila kosa. Leo amekwama, na sababu imo mwilini. Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walichapisha njia ya kuamsha msongo kwa watu wenye afya: mtu anasimamishwa azungumze mbele ya watu, kisha anafanya hesabu za kutoa kwa kichwa. Kotisoli, homoni ya msongo, ilipanda. Mwaka 2000 mtafiti Dominique de Quervain na wenzake waliwapa watu kotisoni, ambayo mwilini hugeuka kuwa kotisoli, saa moja kabla ya kuwauliza maneno waliyojifunza siku iliyotangulia, nao wakakumbuka machache kuliko wasiopewa. Yaweke pamoja mambo hayo mawili. Kusimama mbele ya watu hupandisha homoni ileile inayozuia maneno yasitoke kwenye kumbukumbu. Tunampa mtoto kazi ya kukumbuka maneno mia kadhaa kwa mpangilio, saa ambayo ubongo wake hauko tayari kwa kazi hiyo.

Hapo huja pingamizi, na ni pingamizi zuri: mbona wako watoto wa madrasa wanaohifadhi Kurani nzima? Mbona mtoto anaghani shairi zima mbele ya mgeni rasmi bila kukosea? Shairi la kimapokeo lina vina na mizani. Mshororo kwa kawaida una mizani 16, nane kila kipande. Anayeghani akipotewa na neno, kina kinamwonyesha linapaswa kuishia vipi na mahadhi yanamsogeza mbele. Wa madrasa naye huhifadhi kwa miaka, kwa sauti, mbele ya mwalimu anayemsahihisha papo hapo, na kinachotakiwa ni maneno yenyewe yasibadilike hata herufi. Wasilisho la jiografia halina kina wala mizani, limeandikwa Jumatano lisemwe Ijumaa, na hakuna mtu duniani anayehitaji maneno yake yabaki vilevile.

Katika sekondari zetu za Tanzania mzigo huongezeka, maana aliyesoma msingi kwa Kiswahili anatakiwa awasilishe kwa Kiingereza. Hunakili sentensi kitabuni, nyingine hajui hata maana yake, akazimeza. Walimu wenzangu, tunalijua hili na tunalipa alama. Aliyemeza hupata alama nyingi kuliko aliyeeleza kwa sentensi fupi za kwake zenye makosa ya sarufi. Hili linaniudhi kuliko yote, kwa sababu mtoto hujifunza kwetu kwamba kuelewa hakulipi. Halafu darasa linapomcheka aliyekosea Kiingereza, baadhi yetu tunacheka pia. Mtoto aliyechekwa hivyo mara moja atameza maneno maisha yake yote.

Haya, ya kufanya. Aeleze mada kwanza kwa Kiswahili, nyumbani, kwa mtu asiyeijua. Bibi au mdogo wake anafaa sana. Akishaimudu, ajifunze istilahi za Kiingereza zinazohitajika, si sentensi. Kwenye kadi ndogo aandike maneno manne au matano, moja kwa kila hoja. Akariri sentensi ya kwanza na ya mwisho basi, na ya kwanza iingie kwenye mada, maana dakika mbili za itifaki zinamchosha yeye na wasikilizaji. Ajaribu akiwa amesimama, kwa sauti, saa ikiwa mbele yake, na kila mara atumie maneno tofauti. Akisikika akisema yaleyale, mkatize kwa swali. Chati ya manila iandikwe kwa herufi zinazosomeka dawati la mwisho. Amtazame mtu mmoja mpaka hoja iishe, ndipo ahamie kwa mwingine.

Msimwambie "tulia". Mtafiti Alison Wood Brooks alionyesha mwaka 2014 kwamba waliojiambia wana hamasa walizungumza vizuri kuliko waliojiambia watulie. Mwambieni pia kwamba mtetemeko anaousikia mwilini, wasikilizaji wanauona kidogo sana kuliko anavyodhani. Watafiti Savitsky na Gilovich waliwaeleza hivyo wasemaji mwaka 2003, na wakazungumza vizuri zaidi. Na kama mnafikiria vidonge vya kupunguza mapigo ya moyo, asipewe bila daktari.

Akipotea, anyamaze, atazame kadi, aendelee. Hakuna anayejua ameruka nini. Akiulizwa swali, alirudie kwa maneno yake kwanza ili apate muda wa kufikiri. Akiulizwa asilolijua, aseme hajui na ataleta jibu kipindi kijacho, na mwalimu aliandike swali hilo ubaoni ili kipindi hicho kianze nalo.