Kipoozi na Kilainishi: Istilahi za Kukereza Chuma

Fundi wa kerezo, awe Ngana au bandarini Itungi wilayani Kyela, ambako meli za mizigo MV Njombe na MV Ruvuma ziliundwa na kukamilika mwaka 2017, humimina kiowevu pale kisu kikatapo chuma. Wengi hukiita “mafuta” tu. Jina hilo halitoshi.

Kiowevu hicho kina kazi mbili: kupoza na kulainisha. Maji hupoza kuliko mafuta, lakini huleta kutu. Mafuta hulainisha vema, lakini huchukua joto kidogo. Kwa hiyo tunapendekeza istilahi tatu:

Kiowevu cha kukatia: jina la jumla.

Kilainishi cha kukatia: mafuta matupu, yafaayo kukatia hesi kwa mwendo wa polepole.

Kipoozi cha kukatia: mafuta maalumu yaliyochanganywa na maji, kwa kawaida sehemu 1 kwa 20, yakawa meupe kama maziwa, hufaa kukerezea chuma kwa kasi.

Tofauti hii ina maana kubwa kazini. Mwanagenzi aambiwaye “ongeza mafuta” aweza kutia mafuta ya injini; nayo huelea, bakteria huzaliana chini yake, kipoozi huoza na kunuka. Aambiwaye “ongeza kipoozi” atapima mchanganyiko kwanza, kwani ukizidi ukali huwasha ngozi, na ukipungua huleta kutu. Tena atatia mafuta katika maji, wala si maji katika mafuta.

Tunawaomba mafundi watuletee maneno wayatumiayo, tuyapime pamoja na haya kabla ya kuyasanifu.