MBAO ZILIZOTIWA DAWA ZIPAKWE MAFUTA LINI?



Mtaa wa Kikwajuni, Unguja, ni mtaa wa mjini. Nyumba zimekaribiana na ua ni mdogo. Mtu akitaka pahali pa kupunga upepo jioni, anaweza kujenga baraza ya mbao nje ya nyumba yake. Huko shamba pia tunaweza kujenga baraza kama hiyo.

Baraza ya nje hupigwa na jua na mvua. Mchwa nao hawako mbali. Kwa hiyo watu hununua mbao za misonobari zilizotiwa dawa. Misonobari hupandwa kwa wingi Tanzania Bara, kama katika shamba la miti la serikali la Sao Hill, wilaya ya Mufindi. Mbao zinazotoka huko huvuka bahari, na bei yake si ndogo. Tuzitunze.

Dawa hufanya kazi gani?

Kiwandani mbao huingizwa katika pipa kubwa la chuma. Hewa hutolewa. Kisha dawa iliyochanganywa na maji husukumwa kwa nguvu mpaka iingie ndani ya mbao. Dawa hiyo huzuia mchwa na kuoza. Lakini haizuii maji. Ubao ukilowa na kukauka kila siku, hupinda na kupasuka. Kwa hiyo baraza inahitaji kupakwa mafuta ya mbao ya kuzuia maji.

Usipake mapema

Mbao nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimejaa maji. Ukizipaka zikiwa mbichi, mafuta hayaingii. Ukizipaka rangi, maji ya ndani hutafuta njia ya kutoka. Rangi hufura, kisha hubambuka. Fedha yako imepotea.

Zipange mbao kivulini. Weka vijiti kati ya ubao na ubao ili upepo upite. Kwa kawaida hukauka kwa wiki chache, au hata miezi mitatu. Zilizokaushwa kiwandani baada ya kutiwa dawa huwa tayari mapema zaidi.

Zipime hivi: nyunyiza matone ya maji juu ya ubao. Ngoja dakika 10. Maji yakisimama juu, subiri tena. Yakinywewa, ubao uko tayari.

Usichelewe

Haraka haraka haina baraka, lakini ngoja ngoja huumiza matumbo. Mbao zilizokauka zikiachwa juani mwaka mzima, hupasuka. Maji huingia katika nyufa mpaka pale ambapo dawa haikufika. Hapo kuoza huanza.

Chagua majira. Usipake wakati wa masika, Machi mpaka Mei, wala katika mvua za vuli. Wakati mzuri ni kipupwe, Juni mpaka Agosti, au kiangazi cha Januari na Februari.

Jinsi ya kupaka

1. Sugua mbao kwa maji safi na brashi. Ondoa vumbi na chumvi ya bahari.
2. Ziache zikauke siku mbili au tatu za jua.
3. Paka asubuhi umande ukishakauka, au alasiri. Usipake katika jua kali la mchana.
4. Paka kidogo kidogo, ukifuata urefu wa ubao. Futa mafuta yaliyozidi.
5. Rudia kila baada ya mwaka mmoja au miwili, matone ya maji yanapoanza kunywewa tena.

Mafundi wa majahazi wanajua jambo hili. Hupaka mbao sifa ya papa, na hawapaki mara moja tu.

Usipake oili chafu ya gari. Inanuka, inachafua nguo, na rangi haishiki juu yake.

Jambo moja lisingoje. Ukikata ubao kwa msumeno, paka dawa ya mbao pale ulipokata siku hiyo hiyo, kwa maana katikati ya ubao huenda dawa haikufika.

HATARI!

Mbao nyingi zenye rangi ya kijani zimetiwa dawa yenye aseniki. Aseniki ni sumu kali. Vipande vinavyobaki usivifanye kuni, wala usichomee takataka. Moshi wake na majivu yake ni sumu. Maranda na unga wa msumeno usitandike katika banda la kuku, wala usitie shambani. Ukikata, funika pua na mdomo kwa kitambaa. Nawa mikono kabla ya kula. Watoto wasichezee vipande hivyo.

Maswali ya kujadili darasani

1. Kwa nini rangi hubambuka juu ya ubao mbichi?
2. Utajuaje kwamba ubao umekauka?
3. Katika kijiji chetu, vipande vya mbao za dawa hutupwa wapi? Je, kuna anayepikia?