Usaili wa Mwigizaji Asiye na Matini

Katika vyuo vingi vya Marekani vinavyofundisha michezo ya kuigiza yenye nyimbo, msailiwa huja na vipande vya nyimbo na kauli alizokwisha kuzikariri, kisha hutakiwa acheze. Hupimwa, basi, kwa maneno ya mtu mwingine. Je, kipimo hicho kingemfaa kijana wa Kolwezi?

Mfano wa karibu uko Lubumbashi, katika kundi la Mufwankolo linaloigiza kwa Kiswahili cha migodini. Mwaka 1986 kundi hilo lilitunga mchezo kutokana na msemo kwamba utawala huliwa mzima. Johannes Fabian, aliyeufuatilia utungaji huo na kuuandikia kitabu mwaka 1990, anaonyesha kuwa hapakuwa na matini. Waigizaji waliujadili msemo, wakagawana nafasi, kisha kila mmoja akajitungia kauli zake; nazo ziliendelea kubadilika hadi mchezo uliporekodiwa kijijini Kawama. Muziki nao una mfano wake: sehemu kubwa ya Missa Luba, iliyoimbwa Kamina mwaka 1958, ilibuniwa na waimbaji wenyewe.

Elimu ya juu nchini Kongo hutolewa kwa Kifaransa. Msailiwa akipewa ukurasa wa Kifaransa ausome, kinachopimwa kwanza ni usomaji. Msaili wa Dar es Salaam naye angeweza kukihesabu Kiswahili cha Kolwezi kuwa ni makosa matupu! Lililo jepesi zaidi ni kumpa msailiwa methali moja na mwenzi wa kujibizana naye, kisha kumwacha aseme.