Kutoka Kidato cha Nne hadi Chuo Kikuu: Suala la Ngeli Huko Lurambi

Katika mfumo wa zamani wa 7-4-2-3, vidato vya tano na sita vilikuwa daraja baina ya shule na chuo. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, uliliondoa daraja hilo, na waliofanya mtihani wa KCSE mara ya kwanza mwaka 1989 wakaingia chuo kikuu moja kwa moja kutoka kidato cha nne. Shahada iliongezwa mwaka mmoja. Jinsi ya kuutumia mwaka huo kumvusha mwanafunzi ni jambo lililoachiwa kila idara.

Lurambi, mjini Kakamega, ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilichoanza mwaka 1972 kwa jina la WECO. Mwanafunzi wa Kiswahili aingiapo chuo cha namna hii huja na maarifa mengi, na ni maarifa hayo hayo yanayomkwaza. Mfano ulio wazi ni ngeli. Shuleni amefunzwa A-WA, KI-VI, LI-YA na nyinginezo, yaani ngeli zitambulikanazo kwa upatanisho wa sentensi. Chuoni anakuta nambari, kwa utaratibu wa Bleek na Meinhof, ambao hutazama kwanza kiambishi cha nomino yenyewe. Neno «kipofu» alilolijua kuwa la A-WA, kwa kuwa husemwa «kipofu ameanguka», sasa linawekwa katika ngeli ya 7. Aghalabu hudhani kwamba mwalimu wake wa shule alimpotosha. Hakupotoshwa: jedwali moja hujibu swali la sintaksia, la pili swali la mofolojia. Mhadhiri asiyeyaweka majedwali hayo mawili ubavuni kwa ubavu katika wiki za mwanzo humwacha mwanafunzi akariri lile jipya kama alivyokariri la zamani.

Tena nambari zenyewe zina pengo. Katika Kiswahili sanifu hesabu hufika 11, kisha ngeli za 12 na 13 hazionekani. Mwanafunzi makini huuliza zimekwenda wapi. Jibu, kwa wengi wa Lurambi, limo nyumbani mwao: lahaja kadhaa za Kiluhya zina kiambishi «akha-» cha udogo, nacho ndicho cha ngeli ya 12. Anayesema «omundu» na «abandu» tangu utotoni anayo tayari data ya isimu linganishi, ila shule haikumwambia kuwa ni data. (Katika shule nyingi alikatazwa hata kuitamka.) Hapana njia nyepesi zaidi ya kumwonyesha kwamba chuoni maarifa hutafutwa, hayapokewi tu.

Kuhusu uandishi, yatosha kusema machache. Karatasi ya insha humzoeza kuipamba lugha kwa methali na tamathali, na ile ya lugha humzoeza kutoa hoja fupi kwa kila alama. Tasnifu ya chuo hudai dai moja lithibitishwe kwa kurasa kadhaa. Stadi hiyo haipatikani kwa mhadhara mmoja juu ya mbinu za kusoma. Yafaa insha ya kwanza irudishwe bila alama, ikiwa na maswali pambizoni, kisha iandikwe upya. Madarasa makubwa huifanya kazi hiyo kuwa nzito, na hapo ndipo idara inapolazimika kuamua ni kozi ipi ya mwaka wa kwanza itakayopunguziwa mada ili marudio hayo yapate nafasi.