Simu, Mayai na Mtoto Tumboni

Akina mama wa Singida tunajua kuku; wa kwetu hufika hadi Dar es Salaam. Tunajua pia kwamba yai huatamiwa siku 21. Je, simu iliyowekwa karibu na kiota hulidhuru?

Watafiti wamejaribu. Wengine waliona vifaranga wengi wakifia ndani ya yai, wengine hawakuona tofauti. Mwaka 2012 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliweka simu inayoongea juu ya vizimba vya panya wenye mimba. Watoto wao walikua wakihangaika mno, na kumbukumbu zao zilikuwa dhaifu.

Hata hivyo, mpenzi msomaji, panya ni mdogo, na simu ile ilikaa karibu naye siku nyingi. Shirika la Afya Duniani linasema madhara kwa binadamu hayajathibitishwa. Mionzi ya simu haina nguvu ya eksirei, nayo hupungua upesi simu ikisogezwa mbali. Kwa mjamzito, basi, mfuko ni bora kuliko pindo la kanga tumboni.

Na mayai yakiwa viza? Tuulize kwanza yalikaa siku ngapi kabla ya kuatamiwa, na kama kuku aliyaacha yakapoa.