Uchanganuzi wa Msimbo: Dhana na Istilahi Zake

Neno uchanganuzi si geni kwa mwalimu wa Kiswahili. Mwanafunzi wa sekondari huchanganua sentensi kwa njia ya matawi: huigawa katika kikundi nomino na kikundi tenzi, kisha huendelea kugawa mpaka afikie neno mojamoja. Programu inayochanganua msimbo hufanya kazi iyo hiyo. Huyasoma maagizo yaliyoandikwa na mtaalamu wa kompyuta bila kuyaendesha, hujenga mti wa muundo wake, kisha hupita tawi kwa tawi ikitafuta yanayotia shaka.

Msimbo ndilo neno linalofaa hapa. Wapo wanaoandika kodi kwa kufuata matamshi ya Kiingereza, lakini kodi kwa msomaji wa kawaida ni ushuru au malipo ya nyumba, na kirai kama ubora wa kodi humpeleka moja kwa moja kwenye ofisi ya mapato.

Yafaa kutofautisha kosa na shaka. Sentensi *Kitabu limeanguka* imekiuka upatanisho wa kisarufi. Kosa la namna hiyo hukamatwa na kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, nayo hukataa kuendelea. *Kitabu kimemsoma mwalimu* imetimia kisarufi, ila maana yake haikai sawa. Kompaila huipitisha, kichanganuzi ndicho kinachoihoji.

Athari za shaka isiyohojiwa zilionekana Februari 2014, kampuni ya Apple ilipotoa marekebisho ya usalama kwa simu na kompyuta zake. Katika sehemu inayothibitisha kwamba tovuti ndiyo hasa inayojidai kuwa, agizo la kuruka hadi mwisho lilikuwa limeandikwa mara mbili, mstari chini ya mstari. La kwanza lilitegemea sharti. La pili halikutegemea lolote, ingawa lilisogezwa ndani ya ukurasa kana kwamba nalo liko chini ya sharti lile. Programu ikawa inaruka kila mara, na ukaguzi wa saini ya kidijitali haukufikiwa kamwe. Mwanaisimu atavutiwa na jambo moja zaidi: mahali iliporukia palipewa jina lenye maana ya kushindwa, ilhali jibu lililorudishwa lilikuwa la kufaulu. Mwizi aliye kwenye mtandao mmoja na mtumiaji angeweza kujifanya benki. Msimbo usiofikika ni miongoni mwa mambo mepesi kwa kichanganuzi kugundua, mradi kanuni inayohusika imewashwa.

Ndiyo maana ukaguzi huu hauachiwi kumbukumbu ya mtu, bali huwekwa ndani ya mkondo wa ujenzi. Kiingereza hutumia taswira ya bomba. Mkondo ni bora kwa Kiswahili kwa kuwa hubeba wazo la mtiririko bila kumrudisha msomaji kwenye maji ya mtaa. Mwandishi anapowasilisha mabadiliko, seva kama Jenkins huyachukua, hujenga programu, huendesha majaribio, kisha huita kichanganuzi, tuseme SonarQube. Matokeo hupimwa kwenye lango la ubora. Lango la kawaida la SonarQube hudai, pamoja na mengine, kwamba majaribio yafikie angalau asilimia 80 ya msimbo mpya, na mistari iliyorudiwa isizidi asilimia 3. Msisitizo uko kwenye neno mpya: programu ya miaka kumi haisafishwi kwa siku moja. Ili kichanganuzi kijue kipi ni kipya, ni lazima kipewe historia kamili ya mabadiliko, si nakala ya mwisho peke yake.

Hatua inayosahaulika ni kuuagiza mkondo usubiri uamuzi wa lango. Bila agizo hilo, ripoti huandikwa, lango husema hapana, na programu mbovu hupita kumwendea mtumiaji.

Chombo kilichotangulia vingi vya aina hii kilibuniwa na Stephen C. Johnson wa Bell Labs katika miaka ya 1970 kwa ajili ya lugha ya C. Alikiita lint, jina la vinyuzi vinavyogandia nguo. Mfasiri asikimbilie nyuzinyuzi, kwani siku hizi neno hilo limechukuliwa na wataalamu wa lishe. Kikagua msimbo chatosha.

Limebaki onyo linalotolewa pasipo kosa. Chanya ya uongo, inayosikika hapa na pale, ni Kiingereza kilichovikwa kanzu. Onyo lisilo na msingi laeleweka mara moja. Maonyo hayo yakizidi, waandishi huacha kuyasoma, hata yale ya kweli. Kanuni iliyozoea kukosea huzimwa, au onyo moja hunyamazishwa kwa maelezo mafupi ndani ya msimbo, yakitaja sababu, ili mkaguzi ajaye asilifufue.