Uso Mkunjufu Una Gharama Yake

Karani wa mapokezi hospitalini hufanya kazi mbili kwa mshahara mmoja. Ya kwanza huonekana: kuandikisha wagonjwa, kukagua kadi za bima, kupokea malipo. Ya pili haimo katika mkataba wake: kumeza hasira anapotukanwa, kuficha simanzi machela yenye maiti inapopita mbele yake, kisha kumwambia anayefuata "Karibu, mama" kwa sauti ile ile ya asubuhi.

Mwanasosholojia wa Marekani, Arlie Russell Hochschild, aliiita hiyo ya pili kazi ya hisia katika kitabu chake cha mwaka 1983, kilichotokana na uchunguzi wake juu ya wahudumu wa ndege. Alipambanua namna mbili za kuifanya. Mhudumu aweza kubadili uso tu, moyo ukiwa kwingine. Au aweza kuigeuza hisia yenyewe, kwa kujikumbusha, kwa mfano, kwamba huyu anayefoka amekesha akimuuguza mwanawe. Tafiti nyingi zilizofuata zimeihusisha zaidi namna ya kwanza na uchovu wa kihisia na kutoridhika na kazi. Kinachochosha si tabasamu, bali umbali uliopo kati yake na moyo.

Hapo ndipo ninapotofautiana na semina za "huduma kwa mteja", ambazo aghalabu hufundisha uso. (Hilo neno mteja nalo linanikera, mgonjwa hakuja sokoni.) Karani asiye na mamlaka ya kumsaidia mwenye kadi iliyokataliwa hubakiwa na kuigiza tu. Apewe msimamizi wa kumpigia simu papo hapo, na ruhusa ya kumpeleka mgonjwa aliyezidiwa kwa daktari huku suala la bima likishughulikiwa. Pole yake itakuwa ya kweli.

Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la uainishaji wa magonjwa lililoanza kutumika mwaka 2022, halikuuhesabu uchovu huu wa kikazi kuwa ugonjwa. Limeueleza kuwa ni matokeo ya msongo wa muda mrefu kazini usiodhibitiwa: mtu huishiwa nguvu, huichukia kazi yake, na ufanisi hupungua.

Haya hayahalalishi lugha chafu. Mgonjwa aliyetukanwa ana haki ya kulalamika. Lakini msimamizi anayepokea malalamiko hayo aulize pia karani amekaa dirishani saa ngapi bila kupokelewa, na ni mara ngapi wiki hiyo ameombwa jambo asilo na uwezo nalo.